Nilivyowafundisha wanafunzi kutilia shaka kila kitu, kisha nikajuta

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, na kijana aliyeileta aliishika kama mtu aliyeshika hirizi. "Prof, soma hii. Bazungu benyewe njo baliandika."

Nikaijua kabla sijaikunjua. Ni ile hotuba inayodaiwa kuwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwapa wamisionari wa kwanza mwaka 1883, akiwaagiza kwamba hawaendi Kongo kumhubiri Mungu, kwa kuwa watu kule tayari wanamjua, bali wanakwenda kuwapumbaza ili mali yao ichukuliwe. Wakongomani wengi waliopita sekondari wamewahi kuisoma au kusomewa. Zamani ilizunguka kwa fotokopi, siku hizi inazunguka kwa WhatsApp, na kila inakopita inaongezewa mstari.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, katika shule moja ya wilaya ya mji iitwayo Kenya. Mwaka huo nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu juu ya kufundisha kwa kutumia vyanzo: barua, picha, hotuba, masimulizi ya wazee. Nilirudi nimejaa moto. Nikaona karatasi ile imeletwa na Mungu mwenyewe. Nitawaonyesha namna mwanahistoria anavyofanya kazi!

Nikasimama ubaoni nikaibomoa peke yangu, dakika kumi. Mwaka 1883 hapakuwa na koloni la Ubelgiji. Dola Huru ya Kongo ilikuja 1885, tena ilikuwa mali ya mfalme binafsi, na Ubelgiji yenyewe iliichukua 1908. Kuna nakala nyingine ya maneno hayohayo ambayo imeandikwa kwamba aliyesema ni waziri wa makoloni Jules Renkin, mwaka 1920, wakati Renkin aliiacha wizara hiyo 1918. Hotuba moja haiwezi kutoka vinywa viwili kwa miaka thelathini na saba. Ni ya kughushi. Nikapangusa chaki mikononi, nikasubiri.

Darasa lilinyamaza. Kisha sauti ikatoka nyuma, karibu na dirisha: "Prof, Babeleji banakulipa ngapi?"

Walicheka wote. Nami nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimesema kweli tupu, tarehe zote ni sahihi, na nikatoka darasani nimeonekana wakili wa Leopold. Na yule kijana aliyeleta karatasi hakuleta kitu kingine hadi mwisho wa mwaka.

Ilinichukua muda kuelewa kosa liko wapi. Nilidhani kosa ni kugusa jambo lenye uchungu. Sivyo. Kosa ni kwamba nilifanya kazi yao. Kuna utamu katika kugundua kwamba tarehe hazikai sawa, na utamu ule niliula mwenyewe mbele ya watoto wenye njaa. Mwaka uliofuata nilirudi na karatasi ileile kwa darasa lingine. Safari hii niliwapa pamoja nayo kipande kidogo chenye tarehe saba au nane, 1876 hadi 1920, bila maelezo, nikakaa kwenye dawati la nyuma. Kukaa kimya dakika ishirini ni kazi ngumu kuliko kufundisha saa mbili, msidharau. Binti mmoja ndiye aliyeanza: mbona hapa wanataja faida za Ubelgiji, na Ubelgiji haijapewa nchi bado? Mwingine akauliza mfalme aliye Brussels alijuaje mwaka 1883 kwamba huku watu wanasema "Mungu" na "Nzambi". Mwenzake akamkatalia: Stanley, yule mpelelezi, alikwishapita, angeweza kumwambia. Wakabishana. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza.

Walipofika wenyewe kwenye kusema "hii imetungwa", ndipo nikatoa karatasi nyingine: vipande vya ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliyochapishwa 1904, na picha ambayo mmisionari Alice Seeley Harris aliipiga mwaka huohuo kule Baringa, ya baba aitwaye Nsala, amekaa barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake vilivyokatwa. Hapo hakuna aliyecheka. Nikawaambia haya yalikuwa ya utomvu wa mpira wa jimbo la Équateur, si ya shaba yetu Katanga, lakini ni ya mfalme yuleyule. Mtu anayetaka kukana ukatili ule anaombea tumshike kwa barua ya uongo, maana barua ya uongo anaweza kuichana. Picha ya Nsala hawezi.

Swali lililobaki ubaoni siku hiyo hata mimi sikulipanga. Kijana mmoja aliuliza: kama imetungwa, nani aliitunga, na kwa nini sisi tuliiamini upesi hivyo? Tukatumia kipindi kizima kingine. Karatasi ya uongo kuhusu 1883 ilikuwa ni chanzo kizuri sana kuhusu watu walioinakili baadaye, juu ya hasira yao, juu ya parokia na shule walizopitia. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo lilinigharimu zaidi kwa sababu lilionekana kama mafanikio.

Semina ilitupa maswali manne: nani ameandika, lini, kwa ajili ya nani, kwa nini. Niliyachapa, nikayabandika ukutani, nikayafanya jedwali. Kila chanzo kinaingia kwenye jedwali. Baada ya miezi miwili wanafunzi walikuwa wanalijaza kama wanavyojaza fomu ya manispaa. Nami nilifurahi, madaftari yalikuwa safi. Kisha nikawapa hotuba mbili za tarehe 30 Juni 1960, zilizosomwa katika ukumbi mmoja Léopoldville, Kinshasa ya leo, siku ya uhuru: ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na ya waziri mkuu wetu wa kwanza, Patrice Lumumba. Mwanafunzi wangu bora akaandika mwishoni mwa jedwali: "Wote wawili wana upendeleo. Kwa hiyo hatuwezi kujua kitu."

Nilitazama kanuni zangu za kusahihisha. Kwa kanuni zangu mwenyewe alistahili nne juu ya nne. Nikampa. Kalamu ilikuwa nzito.

Hapo ndipo nilipojuta. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa nchi hii, nchi ambayo kila mtu tayari anasema "politike yote ni uongo", kwamba historia nayo ni uongo wa pande mbili. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdanganya, lakini pia huwezi kumfundisha, na akija wa kwanza mwenye sauti kubwa anamfuata, kwa kuwa hana mizani, ana shaka tu.

Nilichobadilisha ni kitu kidogo. Niliongeza swali la tano, na siku hizi naanza nalo: chanzo hiki kinatuambia nini ambacho mwenyewe hakukusudia kutuambia? Nikarudisha hotuba zilezile. Nikawaambia waache jedwali, wasome tu mistari ya kwanza. Binti mmoja wa nyuma, asiyesema sana, akainua mkono. "Prof, Lumumba hasalimie mfalme." Nikamwambia aendelee. "Anasalimia wanaume na wanawake wa Kongo, wapigania uhuru walioshinda. Na mfalme amekaa pale. Kwetu nyumbani, mgeni mkubwa akiwepo ukaanza kusalimia watoto, umeshasema yote, hata kama hujatukana."

Nimefundisha hotuba ile miaka mingi nikikimbilia katikati, kwenye matusi na vipigo vya asubuhi, mchana na jioni. Sikuwahi kusimama kwenye salamu. Na upande wa pili wakaona wenyewe kwamba Baudouin kumsifu Leopold II mbele ya Wakongomani siku ile hakutuambii Leopold alikuwa nani. Kunatuambia Brussels ilikuwa bado inaota nini mwaka 1960. Hotuba zote mbili zina upendeleo, sawa, na upendeleo wenyewe ndio habari.

Niseme kidogo juu ya fedha na vyeo, maana wenzangu huuliza. Nilikuwa na wanafunzi 56 darasani. Karatasi moja kwa watu wanne ni karatasi 14, na fotokopi nililipa mfukoni, franka 200 kila moja, ikipanda umeme ukikatika na mwenye duka akiwasha jenereta. Kwa mshahara wa mwalimu hiyo si kitu cha kufanya kila wiki. Nilijifunza kunakili chanzo kwa mkono kwenye karatasi kubwa ya manila jioni nyumbani, kwa kalamu nene, na kutunza manila hizo nyuma ya kabati mwaka hata mwaka. Picha ndiyo haiwezekani kunakili. Kwa picha nalipa.

Prefe, yaani mkuu wa shule, aliniita mara mbili. Mara ya kwanza mzazi mmoja alilalamika kwamba mtoto wake anarudi na daftari tupu. Alikuwa na haki kwa namna yake: analipa ada, anataka kuona wino. Mara ya pili ilikuwa juu ya programu, kwamba niko nyuma, na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haimwulizi mtoto alivyofikiri, inampa majibu achague moja. Sikushinda hoja hiyo, na sikutafuta kuishinda. Tulikubaliana somo la vyanzo liwe mara moja kila wiki mbili, na kila mara wanafunzi waandike mwishoni aya moja yenye kichwa na tarehe, mkaguzi akija aione. Ukiingia na moto wa kubadili kila kitu, utafukuzwa pamoja na manila zako.

Vyanzo vyenyewe havikuwa mbali kama nilivyodhani. Nilihangaika kutafuta nyaraka za Kifaransa, kumbe darasa langu lilikuwa limekalia hazina. Kuna kitabu kidogo kilichopigwa taipu 1965 katika mji huu, kwa Kiswahili chetu hichi cha hapa, kikisimulia historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa macho ya waliokuwa wapishi na maboyi wa Wazungu. Mwandishi wake ni André Yav. Niliposoma ukurasa wa kwanza darasani walicheka sana, wakidhani nimejiandikia. "Prof, hii ni Kiswahili ya mu mugini!" Waliamini chanzo cha historia lazima kiwe kwa Kifaransa, na kiwe na muhuri. Kisha wakagundua wanakielewa bila kamusi, na kicheko kikageuka kuwa kusukumana wakigombea kusoma. Zipo tarehe humo ambazo hazilingani na za vitabu. Hilo lilinifaa sana, kwa sababu niliweza kuwauliza: mtu anayekosea mwaka, je, amekosea na njaa aliyoilala?

Kisha nikawaambia kila mmoja aulize nyumbani kama kuna karatasi ya zamani, yoyote. Wengi hawakuleta kitu. Vita, kuhama, mvua, panya. Lakini kijana mmoja wa Katuba alileta kitambulisho cha babu wa baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba: kijitabu chenye jalada gumu, kona zimeliwa, ndani kuna namba, jina lililoandikwa kwa herufi zisizo zake, kabila, chifu, na alama ya kidole gumba iliyofifia mpaka rangi ya chai. Kwenye mwaka wa kuzaliwa karani ameandika kwa Kifaransa: *vers* 1918.

Tulikaa kwenye neno hilo moja kipindi kizima. *Vers*. Yaani "kama", "karibu na". Karani alijuaje? Wanafunzi wakakisia: alimtazama mwili, alimtazama meno. Hakumwuliza? Labda alimwuliza, akajibiwa kitu ambacho kijitabu hakina nafasi yake. Kijana akarudi nyumbani kuuliza, akaleta jibu la bibi yake: mzee yule alikuwa akisema alizaliwa "mwaka wa mafua makubwa". Mafua yale ya mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia yalifika Katanga 1918. Kwa hiyo mzee alijua mwaka wake, ila hakuujua kwa namba. Kisha bibi akaongeza, na hili kijana alilisoma polepole: familia iliamini mpaka leo kwamba karani alimpunguzia mzee miaka na ndiyo maana alichelewa kupumzishwa kazi. Na sasa kwa hesabu ya mafua karani alikuwa amepatia. Darasa likamgeukia kijana. Akakunja kijitabu akasema, "Hii sitamwambia bibi." Sikumlazimisha. Hata leo sijui kama nilifanya vema.

Ushauri mmoja hapa, na nausema kwa ukali: karatasi ya familia isilale shuleni. Ipigwe picha kwa simu, irudi siku ileile mkononi mwa aliyeileta. Nilikaa na kile kijitabu usiku mmoja, mvua ikanyesha, nikaamka mara tatu kutazama kama bati linavuja.

Kosa la mwisho ndilo lililo karibu na moyo wangu.

Tulikuwa tumefika kwenye mgomo wa Desemba 1941. Wakati wa vita bei zilipanda, wafanyakazi weusi wa Union Minière wakadai nyongeza, na tarehe 9 Desemba wanajeshi wakawapiga risasi waliokusanyika uwanja wa mpira hapa mjini, gavana Amour Maron akiwepo. Idadi ya waliokufa inatofautiana kwa kutegemea anayehesabu, jambo zuri kwa somo la vyanzo, nikawaza, kama vile ni hesabu za dukani. Nikamwalika mzee mmoja wa mtaa ambaye baba yake alikuwa kambini mwaka ule. Alikuja amevaa koti na kofia, amepiga kiatu rangi. Akasimulia nusu saa: mwanamke aliyemtafuta mumewe kati ya maiti, viatu vilivyobaki uwanjani.

Alipomaliza nikasema, "Maswali?" Mwanafunzi wangu bora, yuleyule wa nne juu ya nne, akasimama akauliza kama nilivyomfundisha: "Papa, wewe ulikuwepo?"

Mzee akamtazama. Akasema, "Hapana." Akachukua kofia yake mezani, akatushukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka. Miguu yake ilisikika kwenye kokoto mpaka getini.

Nilikuwa sijamwandaa mzee, sikumwambia kwamba watoto hawa wanauliza. Wala sikuwaandaa watoto. Niliwafundisha kuihoji karatasi, na karatasi haina aibu mbele za watu. Jumapili nikanunua kilo mbili za sukari, nikamchukua yule mwanafunzi, tukaenda Katuba. Njiani hakusema neno. Tulipofika tulisalimia tukiinama, nikaanza kuomba msamaha, mzee akanikata.

"Mtoto aliuliza vizuri. Weye njo hukunijulisha." Akamwita kijana akae karibu. "Sikuwepo. Nilizaliwa miaka kumi baadaye. Ile nilisimulia, nilisikia kwa mama, kwa majirani, viatu nilisikia kwa padri. Baba hakusimulia hata siku moja."

Kijana akauliza, safari hii kwa sauti ya chini: "Sasa Papa, weye mwenyewe uliona nini?"

Mzee alikaa. Kuku walipita kati ya viti. Kisha akasema kwamba baba yake alipenda mpira kuliko chakula, alijua majina ya wachezaji wote wa Englebert, timu ya hapa mjini ambayo leo ni TP Mazembe, lakini hakuwahi kuingia uwanjani, uwanja wowote. Mwaka 1967 Englebert walipotwaa kombe la Afrika, mji mzima ulitoka barabarani. Baba yake alikaa uani peke yake, redio imewekwa sikioni, na wanawe walipomshika mkono twende, twende, alikaa palepale.

Kijana aliandika. Mzee akamwambia amsomee. Akasoma taratibu, mwanzo mpaka mwisho, mzee akifuata kwa kidole hewani. Akamsimamisha mara moja tu.

"Pale penye redio," akasema, "andika kwamba ilikuwa ya jirani. Siye hatukuwa na redio."

Kijana akafuta, akaandika upya.